Vitabu Vyembamba: Machapisho Madogo Yaliyoilea Fasihi ya Kiswahili

Mwulize mwalimu yeyote wa fasihi akutajie vitabu vikuu vya Kiswahili, kisha uvitafute kabatini na kuvipanga mezani. Utendi wa Mwana Kupona, Kusadikika, Kurwa na Doto, Sauti ya Dhiki: vyote kwa pamoja havifikii unene wa kamusi moja. Fasihi yetu imekulia katika vitabu vya kurasa arobaini, sitini, themanini, vingi vikiwa vimebanwa kwa pini mgongoni na kuvikwa jalada la karatasi ngumu kidogo.

Wapo wanaouona wembamba huo kuwa upungufu, eti waandishi wetu hawakuwa na pumzi ya kufika mbali. Sikubaliani nao. Kijitabu kilimfaa msomaji wa Kiswahili kwa mfuko wake, kwa nafasi yake na kwa desturi yake ya kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Kilimfaa pia mwandishi asiye na mtaji. Lakini jambo kubwa zaidi ni la mamlaka. Kuchapa kunahitaji mtambo, mtambo una mwenyewe, na mwenyewe huyo, awe askofu, serikali, mwenye duka au mshairi mwenyewe, ndiye aliyeamua nani asikike na nani angoje. Ukivifuata vijitabu kutoka Pate hadi Kariakoo, utayaona mamlaka hayo yakihama mkono hadi mkono.

Kabla ya mtambo

Miji ya kaskazini ya pwani ilikuwa na vitabu karne nyingi kabla ya kuwa na wachapaji. Mwaka 1728 Mwengo bin Athumani alitunga Pate utenzi wa vita vya Tambuka, wenye beti zaidi ya elfu moja. Kazi kama hiyo ilienea kwa kalamu ya mwanzi na wino, kwa hati za Kiarabu zilizotumika kuandikia Kiswahili. Aliyetaka nakala alimlipa mnakili, au aliazima na kunakili mwenyewe. Kwa sababu hiyo hakuna nakala mbili zilizolingana kabisa. Mnakili wa Lamu alirekebisha neno la Mombasa, na wa Mombasa akafanya vivyo hivyo kwa neno la Lamu.

Mfano ulio karibu zaidi na kijitabu cha leo ni utendi alioutunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwachia wosia binti yake Mwana Hashima. Ni beti 102 tu. Zinasomeka kwa kikao kimoja, zinanakilika kwa siku chache, na karatasi zake zinaingia katika sanduku la nguo. Wanawake waliunakili, wakausoma kwa sauti, wakawafundisha mabinti zao. Udogo wa kazi hii ndio uliowawezesha kuimiliki bila kumpigia mtu magoti. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa kwa chapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza kupitia kampuni ndogo iitwayo Azania Press, katika kijiji cha Medstead huko Uingereza. Wosia wa mama wa pwani ulikuwa umepata mtambo, lakini mtambo wenyewe ulikuwa ng'ambo.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alingoja zaidi. Alifariki 1840. Mashairi yake yalibaki katika vifua vya watu mpaka mwishoni mwa karne ile, mmisionari W. E. Taylor alipoyakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyajua na aliyeweza kuyaeleza. Diwani ya Muyaka ilichapwa Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja kamili baada ya kifo cha mtunzi. Bila Mwalimu Sikujua tusingekuwa na Muyaka wa kusoma, na jina lake linastahili kutajwa kila linapotajwa la Taylor.

Misheni, sultani na serikali: 1864–1918

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na misheni ya Kianglikana ya UMCA, naye alikuwa mtu aliyejua kupanga herufi za chapa kwa mikono yake. Mtambo wa misheni ulianza kutoa karatasi za masomo, sala, sarufi na hadithi, mara nyingi kurasa chache kila kimoja. Hadithi alizosimuliwa Unguja alizipeleka London, zikatoka mwaka 1870 katika kitabu kikubwa chenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mgawanyo huo ulidumu muda mrefu: kitabu kinene kilichapwa Ulaya kwa ajili ya wasomaji wa huko, na kilichochapwa hapa kwa ajili ya wanafunzi kilikuwa chembamba na cha bei ndogo.

Wanafunzi wa Kiungani, shule ya misheni hiyo Unguja, walianza kutoa jarida lao, Msimulizi, mwaka 1888. Huko Magila, katika nchi ya Wabondei, mtambo mwingine wa misheni hiyohiyo ulichapa kitu ambacho wamisionari wenyewe wasingeweza kukiandika: Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, Mwislamu aliyezaliwa Unguja na kulitumikia jumba la utawala wa Kilindi. Ilitoka kwa sehemu, kati ya 1895 na 1907. Nashikilia kuwa hicho ni mojawapo ya vitabu muhimu kabisa katika nathari ya Kiswahili, na kilianza maisha yake kama vijitabu vya misheni ya mashambani.

Unguja penyewe Sultan Barghash alikuwa ameleta mtambo wa herufi za Kiarabu, lakini ulichapa hasa vitabu vya Kiarabu, vya fiqhi na dini. Huko bara, Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga, na mwanzoni mwa karne ya 20 shule hiyo ikawa na mtambo uliotoa gazeti la Kiongozi mpaka vita vilipoifikia Tanga. Kwa hiyo hati za Kilatini zilikuwa na misheni na serikali nyuma yake, Kiarabu kilikuwa na sultani, na Kiswahili cha hati za Kiarabu, kile cha Mwana Kupona na Muyaka, kikabaki karibu bila mtambo.

Hasara yake inapimika. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, vita alivyoviona kwa karibu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga wa Maji Maji. Wasomaji wa nyumbani waliupata ule wa Maji Maji kwa chapa mwaka 1957, nusu karne baada ya vita, na ule wa Buhriy nao ulingoja mpaka muongo huohuo. Fikiria ingekuwaje kama mkulima wa Matumbi angesoma habari za vita vyake katika kijitabu cha senti chache mwaka 1910. Serikali ya Kijerumani isingekubali, bila shaka. Lakini ndiyo maana ya kusema kwamba mtambo una mwenyewe.

Mambo Leo na mtaa wa pili: 1923–1948

Waingereza walianzisha Mambo Leo mwaka 1923, gazeti la kila mwezi la serikali ya Tanganyika. Kurasa zake za mashairi zikawa baraza la nchi nzima. Karani wa Tanga alijibizana kwa vina na mwalimu wa Tabora, na wasomaji wakafuata mwezi baada ya mwezi kuona nani amezidiwa. Diwani nyingi zilizotoka baadaye zilikusanywa kutoka kurasa hizo.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki. Kamati ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko jina lake: kitabu kilichotaka kuingia shuleni kilipaswa kupata idhini yake ya lugha. Mwandishi wa Mombasa, wa Lamu, wa Pemba alilazimika kubadilisha maneno yake ndipo apite.

Nje ya mlango huo kulikuwa na mtaa wa pili, ambao vitabu vya historia ya fasihi huupita haraka mno. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti dogo la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiandika kwa Kiswahili cha Mombasa juu ya elimu, mali, ndoa na unyonge wa Waislamu chini ya ukoloni. Makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, aliandika vijitabu vingi vya sira, sala na hukumu, na duka la Mulla Karimjee Mulla Mohamedbhai la Unguja likawa mchapishaji mkubwa wa maandiko ya namna hiyo. Hapo mwenye duka aligharimia kuchapa na kuuza yeye mwenyewe, na msafiri wa jahazi au wa reli akabeba nakala hadi Kigoma na Bujumbura.

Vijitabu hivyo havikupitia Kamati wala havikusubiri shule viwe na wasomaji. Vilisomwa madrasani, misikitini, vibarazani. Kama unataka kujua ni nathari gani ya Kiswahili iliyosomwa na watu wazima wengi kabla ya uhuru, anza hapo, si kwa riwaya.

Mshairi aanzisha kampuni yake

Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, karibu na Tanga, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtumishi wa serikali: forodhani kwanza, kisha idara nyingine. Aliandika usiku na siku za mapumziko. Vitabu vyake vya mwanzo vilichapwa na wageni. Pambo la Lugha kilitoka Johannesburg, Kusadikika kikatoka 1951 kwa Nelson, Adili na Nduguze 1952 kwa Macmillan. Mwandishi aliyekuwa akisoma na kuandika kwa taa ya mafuta Tanga alitegemea meli ya posta imletee jibu, na jibu lenyewe lilitegemea kama kitabu kitafaa madarasani.

Kilichofaa madarasani kilikuwa hadithi fupi yenye maadili. Insha za mtu mzima, mashairi ya falsafa, maisha ya mwimbaji wa taarabu kama Siti binti Saad, havikuwa na soko la uhakika. Hapo ndipo Shaaban alipofanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa sawa kwa uzito na kuandika Kusadikika. Katika miaka ya 1950 alianzisha kampuni yake mwenyewe Tanga, akaiita Art and Literature, akatoa chini ya jina hilo vitabu kama Insha na Mashairi na Masomo yenye Adili, vyote viwili mwaka 1959. Hakuwa na ghala, hakuwa na wasambazaji wa nchi nzima. Alikuwa na mshahara wa karani na imani kwamba Kiswahili kinastahili insha.

Wanaomtukuza Shaaban leo humtaja kama baba wa riwaya na mshairi wa taifa. Ni haki yake. Lakini wachache wanamtaja kama mchapishaji, na hali huko ndiko alikoonyesha ujasiri wa namna nyingine. Mwafrika wa Tanganyika ya kikoloni, asiye na shahada, alikuwa amekataa kungoja ruhusa ya London. Alifariki mwezi Juni 1962, miezi sita baada ya uhuru. Miaka michache baadaye Nelson walianza kuzitoa upya kazi zake katika mfululizo ulioitwa Diwani ya Shaaban, na humo yakaingia yale ambayo awali aliyalipia mwenyewe.

Alama ya tai: 1948–1967

Wakati Shaaban akihangaika, serikali za kikoloni zilikuwa zimeunda chombo chao. East African Literature Bureau ilianza 1948 chini ya Charles Richards, na wasomaji wengi waliijua kwa alama ya Eagle Press. Ilitoa vijitabu vya kila aina kwa bei ya chini: kilimo, afya, ushirika, ngano, na mfululizo wa Desturi na Masimulizi ya Afrika ya Mashariki, ambamo wazee na walimu waliandika habari za makabila yao. Mwaka 1954 ilitoa kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho mpaka leo washairi wa mapokeo wanakirudia kama mafundi wanavyorudia kamba ya vipimo. Katika mfululizo wa Johari za Kiswahili zikatoka tenzi za kale, na hapo Buhriy akapata kusomwa na watu wa kwao.

Bureau iliendesha pia mashindano ya uandishi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda yale ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapwa 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa akaingia katika fasihi yetu akiwa na kiko chake. Mwaka huohuo kikatoka Kurwa na Doto cha Muhammed Saleh Farsy. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Hadithi ya upelelezi ilikuwa imepata wenyeji.

Siasa nayo ilikuwa na vijitabu vyake. Saadani Kandoro, mwanasiasa wa TANU na mshairi, alitoa Mwito wa Uhuru mwaka 1961 kwa wachapaji wa Thakers, Dar es Salaam. Mitambo mingi midogo ya mijini ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na walichapa chochote kilicholipiwa: kadi za arusi, stakabadhi, katiba za vyama, diwani za washairi. Historia ya wachapaji hao wa mitaani haijaandikwa ipasavyo, na fasihi yetu ina deni kwao.

Kurasa zilizotisha: Lubumbashi 1965, Mombasa 1968

Huko Lubumbashi, ambayo mwaka 1965 bado iliitwa Elisabethville, kilitokea mwaka huo kijitabu cha ajabu. André Yav alikiandika kwa Kiswahili cha Katanga kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa majumbani, maboi wa Wazungu. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini jina lisikudanganye. Si orodha ya maneno. Ni historia ya mji wa shaba kama walivyoijua waliopika, waliofua na waliosimama nyuma ya viti wakati mabwana wakizungumza. Hakuna mhariri aliyekisanifisha. Kilipigwa taipu katika kurasa thelathini na kitu, kikasambazwa kwa nakala chache, na kingepotea kama msomi Johannes Fabian asingekichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Kwa Kiswahili cha bara, kijitabu hicho ni hazina. Kinaonyesha lugha ikiandikwa na watu ambao Kamati haikuwahi kuwafikiria.

Mombasa, kijana wa miaka 22 aliandika kurasa chache zaidi na zikamgharimu zaidi. Mwaka 1968 serikali ya Kenya iliwaengua wagombea wa chama cha upinzani cha KPU katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Abdilatif Abdalla, mshairi kutoka ukoo wa washairi, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? kikaenezwa kwa siri. Hoja yake ilikuwa wazi: utawala unaoziba kila njia ya amani ya kuubadilisha unawasukuma watu kwenye njia nyingine. Alikamatwa Desemba mwaka huo, akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa mpaka Machi 1972, muda mwingi akiwa peke yake.

Gerezani hakuruhusiwa karatasi. Aliandika mashairi juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, na mwaka 1973 Oxford wa Nairobi wakayachapisha kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kitabu hicho chembamba kilipata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Nalirudia jambo hili kwa wanafunzi kila nipatapo nafasi: kijikaratasi ndicho kilichozaa diwani. Bila zile kurasa za 1968 tusingekuwa na Sauti ya Dhiki, na ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20 ungekosa kilele chake. Hakuna mchapishaji rasmi aliyeweza kuichapa Kenya: Twendapi? na hakuna aliyeombwa. Palihitajika mashine ndogo na watu wachache wasio waoga.

Wasomaji wapya, wachapishaji wapya: Tanzania, 1970–1995

Azimio la Arusha la 1967 liliikuta nchi ambayo karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kampeni za elimu ya watu wazima zilizofuata zilikwenda na vijitabu. Ile ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya mamilioni ya watu vijijini kuzunguka redio na kitabu kidogo cha afya. Mathias Mnyampala alikuwa amebuni ngonjera, mashairi ya kujibizana jukwaani, na Ngonjera za UKUTA zilitoka 1970 na 1971, baada ya yeye kufariki, zikaingia kila shule. Kwa muda mfupi nchi ikapata wasomaji ambao haikuwahi kuwa nao.

Kisha vitabu vikaadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na Bureau ikavunjika nayo. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vikaleta uhaba wa karatasi. Mashirika ya umma yalichapa kwanza vitabu vya shule, na hata hivyo havikutosha. Msomaji aliyefundishwa kusoma na serikali hakuwa na cha kusoma.

Pengo hilo lilijazwa na waandishi wenyewe. Aristablus Elvis Musiba, mfanyabiashara aliyekuja kuongoza chemba ya biashara ya nchi, alikuwa ametoa Kufa na Kupona kwa Bureau mwaka 1974. Akaendelea na Kikosi cha Kisasi na Njama, na jasusi wake Willy Gamba akawa maarufu kuliko mawaziri. Hammie Rajab alichapisha kwa jina la Busara. Kajubi Mukajanga alitoa Kitanda cha Mauti. Ben Mtobwa, kijana kutoka Kigoma, aliunda mpelelezi Joram Kiango, akaanzisha Heko Publishers, na mwaka 1990 akatoa Dar es Salaam Usiku, riwaya ambayo ndani yake jiji linanukia jasho, bia na hofu ya kukosa kodi ya nyumba.

Vitabu hivyo vilichapwa kwa karatasi iliyopatikana, hata ya gazeti. Jalada lilikuwa na bastola, mwanamke, gari. Viliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, stendi za mabasi na juu ya mikeka kandokando ya barabara Kariakoo, na kila nakala ilisomwa na watu wengi kabla ya jalada lake kung'oka. Abiria wa treni ya Kigoma alianza Dar es Salaam na kitabu kimoja akashuka Tabora na kingine, kwa kubadilishana.

Wasomi waliviita riwaya pendwa, na wengi wao walilitamka neno hilo kwa dharau. Walilalamikia ngono, damu, na mashujaa walioiga sinema za nje. Baadhi ya malalamiko hayo yana ukweli. Vipo vitabu vya wakati ule vilivyoandikwa kwa pupa na vyenye aibu kwa wanawake. Lakini waliodharau hawakuuliza nani mwingine alikuwa akiwaandikia makuli, makarani na wauza duka kwa lugha waliyoizungumza. Nigeria ilikwishapitia hali hiyo. Soko la Onitsha, kwenye ukingo wa mto Niger, lilitoa vijitabu kwa mamia tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 mpaka vita vya Biafra vilipoliharibu, na msomi Emmanuel Obiechina akavikusanya na kuviandikia kitabu mapema miaka ya 1970. Sisi tulichelewa. Nakala nyingi zilikwisha kufungiwa karanga.

Kenya ilichukua njia tofauti. Mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani, na wachapishaji wa Nairobi wakaelekeza nguvu zao zote huko. Kitabu chembamba cha Kenya kikawa kitabu teule: kinauzwa kwa maelfu kikiteuliwa, kinasahaulika kikiondolewa.

Tangu 1991

Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House katika miaka yake bora, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, na mwaka huohuo ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliozaa vijitabu vya picha kwa Kiswahili kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Hadithi pendwa zilihamia magazetini, hasa yale ya Global Publishers ya Eric Shigongo, zikitoka kipande kwa kipande kila wiki, na kisha zikahamia simuni. Tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imewapa washairi njia ya kufika kwenye chapa: diwani ya Mohammed Ghassani, N'na Kwetu, ilishinda 2015 na kuchapwa.

Mitambo ya kidijiti nayo imemrudishia mtunzi kile alichokifanya Shaaban Tanga. Leo mshairi wa Pemba, Kigoma au Malindi anaweza kuchapa nakala hamsini za diwani yake kwa fedha anazoweza kuzikusanya, akaziuza mwenyewe kwenye tamasha na arusi. Kilicho kigumu sasa ni kuzihifadhi. Tanzania ina sheria tangu 1975 inayowataka wachapishaji kupeleka nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, lakini mtunzi anayechapa nakala hamsini mtaani mara nyingi hajui kama na yeye ni mchapishaji. Kijitabu chake hakiingii katika orodha yoyote, na mtafiti wa mwaka 2070 hatajua kama kiliwahi kuwepo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye navyo. Ukimrithi babu aliyesoma, usitupe sanduku kabla ya kulifungua. Vijitabu vya Eagle Press, riwaya za Busara na Heko, vitabu vya dini vya Unguja, mashairi yaliyopigwa chapa kwa ajili ya maulidi au mkutano wa chama, hata vikiwa vimeliwa na mende na kukosa jalada, vipeleke kwenye maktaba ya mkoa au ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Na kama wewe ni mtunzi unayechapa leo, andika mwaka, mji na jina la mchapaji katika ukurasa wa kwanza, kisha peleka nakala mbili maktaba kabla hujauza ya kwanza.